Takwimu Zapanda Kutoka Kiirua, Majibu Hayashuki

Mtoto anayezaliwa leo katika Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Theresa, Kiirua, Kaunti ya Meru, anadai vitu viwili kabla mama yake hajafungasha kurudi nyumbani: sindano ya BCG mkononi, ya kumkinga na kifua kikuu kikali cha utotoni, na matone mawili ya chanjo ya polio mdomoni. Dozi hizo zimetoka mbali. UNICEF imeinunulia Kenya kupitia ofisi yake ya ununuzi iliyoko Copenhagen, ndege ikazishusha Nairobi, zikalala katika ghala kuu la chanjo kule Kitengela, zikapandishwa hadi ghala la kanda lililoko Meru, zikahamia kwenye friji ya kaunti ndogo, na hatimaye zikabebwa ndani ya kasha lenye barafu hadi hospitalini.

Kila kituo cha safari hiyo kina mtu wa kuhesabu. Zamani, tangu mpango wa taifa wa chanjo ulipoanzishwa mwaka 1980, hesabu ilikaa daftarini. Siku hizi sehemu kubwa yake huishia kwenye kompyuta. Mwaka 2011 Kenya ilieneza nchi nzima mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, na ripoti ya chanjo ya kila mwezi, ile ambayo wauguzi wa kliniki wanaijua kwa namba yake tu, MOH 710, ikaanza kuingizwa humo. Baadaye ukaja mfumo uitwao Chanjo, wa kufuatilia akiba katika maghala ya kaunti ndogo. Mwaka 2021, Korona ilipopamba moto, ukaja Chanjo KE, uliomwandikisha kila aliyedungwa na kumtumia ujumbe kwenye simu yake.

Kwa hiyo si kweli kwamba hatujui kilichomo kwenye friji zetu. Kwa kiasi kikubwa tunajua. Swali linalonishughulisha ni hili: mtu akishajua, anafanya nini, na nani huambiwa? Nikiitazama mifumo hii nikiwa nimesimama upande wa muuguzi wa Kiirua, badala ya upande wa afisa aliyeko Nairobi, naona imejengwa ili taarifa zipande. Haikujengwa ili majibu yashuke.

Katikati ya 2025 jambo hili lilionekana peupe. Kwa wiki nyingi akina mama katika kaunti mbalimbali waliambiwa kwamba BCG na matone ya polio hayapo. Mwezi Juni Waziri wa Afya, Aden Duale, alitangaza kwamba shehena mpya imewasili, kiasi cha dozi milioni 3 kwa kila moja ya chanjo hizo mbili, na kwamba usambazaji umeanza. Mwaka 2024 nchi ilikuwa imepitia uhaba kama huo. Katika vipindi vyote viwili tatizo halikuwa kutojua. Akiba ya ghala kuu haikauki kwa usiku mmoja. Hushuka kutoka ya miezi mitatu hadi miwili, hadi mmoja, na anayeangalia skrini huiona ikishuka. Kilichochelewa ni malipo. BCG na matone ya polio ni miongoni mwa chanjo za zamani ambazo serikali ya Kenya huzigharamia kwa mfuko wake, na utaratibu wa kununua kupitia UNICEF kwa kawaida hutaka pesa zitangulie. Hazina ya Taifa ikichelewa miezi miwili, mtoto wa Kiirua anachelewa miezi miwili, hata kama kompyuta zote kati yake na Hazina zinafanya kazi sawasawa.

Teknolojia haiwezi kulipa deni. Ila kuna jambo moja ingeweza kulifanya katika kipindi kama hicho, nalo ni kumwonya mapema aliye chini kabisa. Muuguzi wa zahanati hana dirisha la kuchungulia akiba ya Kitengela wala ya Meru. Hujua chanjo imeisha siku anapopeleka oda na kasha linarudi na pengo. Angejua wiki sita kabla, angeweza kupatana na zahanati jirani wafungue chupa ya BCG siku moja, mahali pamoja, watoto wa vituo vitatu wakusanyike. Angewaita kwanza wale waliokwisha kuchelewa. Angewaambia akina mama ukweli wakiwa bado na mimba, kwamba huenda wakasubiri, ili wasifunge safari bure. Haya yote yanahitaji namba moja tu, na namba hiyo ipo. Iko kwenye kompyuta ambayo yeye hana ruhusa ya kuifungua.

Sasa niingie ndani ya hesabu zenyewe, maana humo kuna kasoro inayowaumiza watoto na haisemwi.

Oda ya kituo hukadiriwa kwa matumizi ya miezi iliyopita. Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati hutumia chupa 10 za chanjo fulani kila mwezi. Januari imetumia 10, Februari 10, Machi haikuletewa kitu, ikatumia sifuri. Anayekokotoa wastani bila kutafakari anapata chupa 6 na ushei, na oda inayofuata inakuja pungufu. Kituo kimeadhibiwa kwa kunyimwa: kilikosa chanjo mwezi Machi, na kukosa huko kumesomeka kana kwamba watoto walipungua. Mwezi Aprili kina watoto wake wa kawaida pamoja na wale wote waliorudishwa Machi, na chupa chache kuliko zamani. Dawa ya kasoro hii ni rahisi, yaani matumizi yagawanywe kwa siku ambazo chanjo ilikuwepo, na siku za ukame zitolewe kwenye hesabu. Lakini ili kufanya hivyo ni lazima mfumo uulize swali ambalo ripoti ya mwezi haiulizi kwa uzito unaostahili: ni siku ngapi mlikaa bila?

Njia nyingine ni kukadiria kwa idadi ya watu. Sensa ya 2019 iliihesabu Meru kuwa na watu 1,545,714, na ukigawanya kwa kaunti ndogo, kisha kwa wadi, unafika Kiirua/Naari ukiwa na makadirio ya watoto wanaotarajiwa kwa mwaka. Karatasini inapendeza. Ila hospitali ya misheni haifuati mipaka ya wadi. Wanaojifungulia Kiirua hawatoki Kiirua pekee, na mama anayetoka upande wa Isiolo hafikirii mpaka wa kaunti uchungu unapomshika. Mtoto huyo atapewa BCG hapo hospitalini, kisha wiki ya sita atapelekwa zahanati iliyo karibu na kwao. Kwa hiyo hospitali itaonekana imetumia BCG nyingi mno na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 chache mno, na mtu aliye mbali, asiyelijua eneo, anaweza kudhani kwamba watoto wameacha kliniki au muuguzi amekosea kuandika.

Halafu kuna suala la chupa. Chupa ya BCG tunayoitumia huwa na dozi 20. Ndani ni unga. Muuguzi huuchanganya na maji yake maalumu, na tangu dakika hiyo ana saa 6. Zikipita, kilichobaki hutupwa, hata kama ni dozi 19. Chupa ya surua na rubela ina dozi 10 na masharti ya saa ni yaleyale. Tuseme leo wamezaliwa watoto watatu. Muuguzi akifungua chupa, amewakinga watatu na kutupa dozi kumi na saba, na mwisho wa mwezi ripoti yake inaonyesha upotevu mkubwa. Akingoja wafike kumi, ripoti yake inapendeza, lakini yuko mama wa Naari au wa Ruiri aliyeambiwa, “Mama, utarudi Alhamisi.” Alhamisi ana kibarua, boda ni pesa, na huenda asionekane tena hadi mtoto afikishe wiki sita. Kuhusu surua, Shirika la Afya Duniani linashauri waziwazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Mfumo unaohesabu dozi zilizotupwa na usihesabu watoto waliorudishwa unamfundisha muuguzi ubahili mahali ambapo ubahili ni hatari. Namba inayoonekana ndiyo inayomletea lawama, na isiyoonekana humwangukia mtoto.

Ningekuwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu kwenye programu zote za chanjo nchini, ningeongeza kisanduku kimoja: leo umewarudisha watoto wangapi bila chanjo, na kwa sababu gani? Chanjo haipo, chupa haikufunguliwa, friji mbovu, mhudumu hayupo. Kisanduku hicho kingetuambia mengi kuliko grafu zote za akiba.

Kuna jaribio lililofanyika Tanzania ambalo naliona bado ni somo bora kuliko mengi yaliyolifuata, ingawa lilihusu dawa za malaria. Kati ya 2009 na 2010, Wizara ya Afya ya nchi hiyo pamoja na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, chini ya ubia wa Roll Back Malaria, waliendesha SMS for Life katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, zenye vituo 129 kwa jumla. Kituoni hapakuhitajika kompyuta. Kila Alhamisi simu ya mhudumu ilipokea ujumbe wa kumuuliza akiba yake, naye akajibu bila kulipa, akazawadiwa muda wa maongezi. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26.

Wengi huisimulia hadithi hiyo kama ushindi wa simu. Mimi huangalia wilaya moja moja. Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 ikafika sifuri. Ulanga ilitoka 87 ikafika 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 ikaishia 47, maana yake karibu nusu ya vituo bado vilikuwa na pengo kwenye rafu. Simu zilikuwa za aina moja, swali lilikuwa lile lile, zawadi ile ile. Simu haiwezi kueleza tofauti hiyo. Ninavyoona mimi, kilichotofautiana ni kile kilichofuata baada ya ujumbe: kama dawa zilikuwepo wilayani za kugawana, na kama kulikuwa na mtu aliyeona zahanati moja imejaza na jirani yake imekauka, akatafuta pikipiki siku hiyo hiyo. Ujumbe ulipompata mtu mwenye mamlaka na kitu cha kugawa, uhaba ulikwisha. Palipokosekana kimojawapo, ujumbe ulirekodi njaa tu.

India ililijenga jambo hili ndani ya mfumo wake tangu mwanzo. Mfumo wa eVIN, ulioanza kuenezwa huko 2015 kwa msaada wa UNDP, shirika la Umoja wa Mataifa, husifiwa kwa programu ya simu na vipimajoto vinavyotuma taarifa vyenyewe. Kisichosifiwa vya kutosha ni kwamba wilaya ziliwekewa mameneja wa chanjo, watu wanaojulikana kwa majina, ambao kazi yao ni kuitikia kengele inapolia na kuhakikisha chupa zimehamishwa.

Meru hatuhitaji kwenda India kulielewa hili. Miraa ya Igembe ikikatwa alfajiri, thamani yake huisha ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo biashara yote imesimama juu ya habari inayokwenda pande zote mbili. Mkulima wa Maua humwambia dalali ana magunia mangapi, na dalali wa Nairobi naye humwambia mkulima kama ndege ya Mogadishu itaruka. Ndege ikifutwa, wakataji hawapandi mitini. Somalia ilipofunga soko lake mwezi Machi 2020, habari haikungoja ripoti ya mwisho wa mwezi. Chanjo nayo ni bidhaa inayoharibika. Inastahili angalau uangalifu huo.

Kuharibika kwenyewe kuna mambo yake. Chanjo nyingi za watoto hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwenye chupa kuna kibandiko chenye mraba mdogo ndani ya duara ambao hubadilika rangi taratibu joto linapozidi. Kibandiko hicho kilianza kutumika kwenye chanjo ya polio mwaka 1996 na kimeokoa dozi nyingi, kwa sababu muuguzi haamui tena kwa kubahatisha. Lakini hakionyeshi kuganda. Na huku kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kuganda ni hatari isiyopewa heshima yake. Watu hudhani kadiri baridi inavyokuwa kali ndivyo chanjo inavyosalimika. Chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib, ile ya nimonia, ile ya HPV ya wasichana, na ya pepopunda kwa akina mama wajawazito, zote huharibika zikiganda. Mara nyingi madhara hutokea safarini, pale vipande vya barafu vinapotolewa kwenye friza na kuwekwa kwenye kasha moja kwa moja, bila kuachwa kwanza vianze kutoa jasho. Mtoto aliyedungwa dozi iliyowahi kuganda anaandikwa amechanjwa, mfumo unaongeza moja, na kinga hana.

Hapa vifaa vya kidijitali vimeleta faida ya kweli. Kipimajoto cha kielektroniki kinachokaa ndani ya friji na kukumbuka siku 30 zilizopita kimepunguza kutegemea ule ujazaji wa karatasi ya joto unaofanywa asubuhi na jioni, na ambao Jumapili hutegemea dhamiri ya mtu. Vifaa vinavyotuma ujumbe kwenye simu joto likipanda, kama ColdTrace vya shirika la Nexleaf vilivyotumika Kenya na Tanzania, vimeongeza hatua nyingine. Swali langu linabaki lile lile. Umeme ukikatika Jumamosi usiku na ujumbe ukaingia, unaingia kwenye simu ya nani? Ana funguo za chumba cha friji? Ana ruhusa ya kununua mafuta ya jenereta, au ya kumpa mtu wa boda pesa apeleke chanjo kwenye friji nyingine kabla ya alfajiri? Kama majibu ni hapana, kengele hiyo inamnyima mtu usingizi bila kumpa la kufanya.

Tanzania imekwenda mbele zaidi yetu katika jambo moja linalopasa kutazamwa kwa makini. Kupitia mpango wa BID ulioongozwa na shirika la PATH tangu 2013, na kuanzia mkoani Arusha, ilijenga daftari la kielektroniki la chanjo ambalo humfuata mtoto mmoja mmoja. Muuguzi akimchanja, akiba nayo inapungua kwenye kishikwambi papo hapo. Kuunganisha mtoto na chupa ndiyo hatua ya maana, kwa sababu ndipo unapoweza kuuliza ni nani hasa aliyekosa, wala si ni dozi ngapi zimebaki. Ila uzoefu wa huko ulionyesha pia gharama yake: wauguzi waliendelea kujaza madaftari ya karatasi pamoja na kishikwambi, kazi moja mara mbili, na palipokuwa na foleni ndefu kishikwambi ndicho kilichosubiri.

Hilo litatokea Meru pia tusipolizuia mapema. Muuguzi wa kliniki ana daftari la kudumu la MOH 510, ana karatasi ya kuhesabia, ana leja ya akiba, ana kitabu cha kliniki cha mama, na mwisho wa mwezi ana MOH 710. Ukimletea simu juu ya hayo yote bila kumwondolea hata kimoja, umemwongezea mzigo na kuuita maendeleo. Kanuni ninayoipendekeza ni ngumu lakini ya haki: kila skrini inayoingia kliniki itoke na daftari moja. Na bando lilipwe na mwajiri.

Kufuatilia chupa kuna faida nyingine, ya imani, na Kiirua, penye hospitali ya Kanisa Katoliki, faida hiyo ina uzito wa pekee. Mwaka 2014 Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake, wakidai ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Sehemu kubwa ya mvutano ule iligeuka kuwa mabishano kuhusu sampuli: chupa zilizopimwa zilikuwa zipi, zilitoka wapi, zilipita mikononi mwa nani. Rekodi safi ya namba ya shehena, kutoka kiwandani hadi mkononi mwa mama, ingalifanya sehemu hiyo ya ubishi iishe kwa siku moja. Hospitali za misheni hupata dawa zake nyingi kupitia MEDS, shirika la makanisa lililoanzishwa mwaka 1986, lakini chanjo huzipata kutoka kwa serikali. Zinatumikia watu kwa mali iliyo chini ya dhamana ya mwingine, kwa hiyo zina haki kamili ya kuona njia nzima iliyopitiwa na mali hiyo.

Kwa upande wa nyumbani, kiungo cha mwisho tayari kipo. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa na simu. Wanawajua watoto kwa majina. Muuguzi akipokea BCG baada ya ukame wa miezi miwili, orodha ya waliorudishwa ingepaswa kumfikia mhudumu wa kijiji jioni hiyo hiyo. Ushahidi kwamba ujumbe mdogo husaidia tunao wenyewe. Katika utafiti wa M-SIMU uliofanywa Siaya na matokeo yake kuchapishwa 2017, watoto waliokamilisha chanjo kabla ya kutimiza mwaka walikuwa asilimia 82 pale ambapo mzazi hakukumbushwa, na asilimia 90 pale ambapo alitumiwa ujumbe pamoja na shilingi 200 kila alipofika kwa wakati. Shilingi mia mbili ni nauli. Lakini usimkumbushe mama kuja mahali pasipo na chanjo. Ukimwita mara moja na kumrudisha mikono mitupu, ujumbe wa pili hatausoma.

Ndiyo maana narudi kwenye pesa, maana miaka inayokuja itabana. Kenya imo katika kipindi cha kuachishwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na inatarajiwa kujilipia chanjo zake zote kuelekea mwanzo wa muongo ujao. Mwezi Juni 2025 Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuchangia Gavi. Mwezi uliofuata Kenya ilianza kutoa chanjo mpya ya homa ya matumbo pamoja na kampeni ya surua na rubela, kwa hiyo orodha inarefuka wakati mfuko unafupika. Tumekwisha kuona pia kwamba wingi wa dozi peke yake hautoshi: mwanzoni mwa 2022 dozi zaidi ya 800,000 za AstraZeneca zilipitwa na tarehe zikiwa hapa nchini, katika mwaka ambao hapakukosekana mfumo wa kuzihesabu. Safari hii fedha zikikosekana, ramani za kompyuta zitatuonyesha upungufu kwa rangi nzuri kuliko zamani, na ndiyo sababu nasema namba hizo zisiishie kwa maafisa wa afya. Akiba ya kila chanjo katika ghala la Kitengela, kwa miezi iliyobaki, iwekwe hadharani kila wiki, pale ambapo mbunge, mwandishi wa habari na muuguzi wanaweza kuisoma siku moja. Hazina ikichelewa, ionekane inachelewa ikiwa bado kuna miezi mitatu ya kujinusuru.

Kwa Kaunti ya Meru ombi langu ni dogo na halihitaji mfumo mpya. Iteue mtu mmoja katika kila kaunti ndogo, apewe simu, mafuta ya pikipiki na mamlaka ya kuhamisha chupa kutoka friji hadi friji bila kusubiri barua. Jina lake na namba ya ofisi yake vibandikwe kwenye mlango wa kila kliniki, ya serikali na ya misheni. Iwape wauguzi ruhusa ya kuiona akiba ya ghala la Meru kwenye simu zao.

Na wewe mzazi unayemleta mtoto kliniki, ukiambiwa chanjo imeisha usiondoke kimya. Muulize muuguzi kwa heshima tarehe inayotarajiwa, mwombe aandike jina la mtoto na namba yako katika orodha ya wanaosubiri, na hakikisha kitabu cha kliniki kimeandikwa ni chanjo ipi iliyokosekana. Kisha mpigie mwakilishi wa wadi yako, umtajie chanjo hiyo kwa jina na tarehe uliyoikosa.